Sambusa Huingia, Bi Swafia Haingii

Kama kuna kitu kilichomchosha Bi Swafia hapa duniani, si jiko, si magoti yake, wala si zile ngazi za nyumba za Mji wa Kale ambazo nadhani aliyezijenga alikuwa na ugomvi na wanawake wa makamo. Ni heshima. Heshima zilimfika hapa, kooni. Ni mjane wa Mwalimu Zakariya, aliyesomesha Kurani nusu ya mtaa, na kwa sababu hiyo hawezi kusimama dukani bila mtu kumwinukia, hawezi kubeba mfuko wa vitunguu bila mtu kumpokonya. Vizuri, utasema. Ngoja nikueleze heshima hizo zilivyomtenda Jumapili tatu mfululizo, halafu uje uniambie kama ni vizuri.

Bi Swafia ana mtoto mmoja, Khubaib, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, na huyo Khubaib hupiga gita. Hupiga kila Jumapili alasiri kwenye baa moja ya Tudor iitwayo Kwa Masha, upande wa majini, nyuma ya maghorofa. Muziki wenyewe waitwa bluzi. Bi Swafia aliuliza ni muziki gani huo, akaambiwa ni nyimbo za huzuni za watu weusi wa Marekani, walizokuwa wakiimba dunia ikiwachosha.

"Basi kama kiingilio ni huzuni," akasema, "mimi nina tikiti ya mwaka mzima."

Lakini hajapata kumsikia mwanawe akipiga, hata mara moja. Marehemu Mwalimu hakutaka gita nyumbani kwake, na gita lile lililala kwa jirani yao Raihana miaka tisa, kama mke wa pili asiyetajwa. Mwalimu alipofariki, miaka mitatu sasa, Bi Swafia alimaliza eda yake akamwambia mwanawe, "Lilete gita lako, nikusikie." Khubaib akainamisha kichwa. "Mama, hii ni nyumba ya Baba. Siwezi kumvunjia heshima." Unaona? Lilianzia hapo hilo neno.

Sasa Khubaib amepata kazi ya kupiga muziki kwenye hoteli huko Maskati, mkataba wa miaka minne, na ndege yake ni ya Jumatano. Miaka minne si siku nne, na Bi Swafia ana sukari na ana presha, wala si mtu wa kujidanganya. Alitaka kitu kimoja tu: amsikie mwanawe kwa masikio yake kabla hajapanda ndege. Raihana alisema atamtuma mtu akamrekodi kwa simu. Haiwezekani, kwa Masha simu huachwa kwenye kikapu mlangoni. Kumwambia Khubaib mwenyewe nako hakukufaa. Angesema, "Mama, pale si mahali pako," na angewaambia watu wamzuie. Basi Bi Swafia akapiga moyo konde, Jumapili ya kwanza akavaa buibui lake jipya, akapanda tuktuk mpaka Tudor peke yake.

Mlango wa Masha ni wa mbao nzito, na juu yake pana ubao wa masharti. Hakuna ndara. Hakuna kikoi. Hakuna simu. Hakuna aliye chini ya miaka ishirini na moja. Na la mwisho, lililoandikwa kwa rangi nyekundu: mlango haufunguliwi wimbo ukiwa unaendelea. Masha alikuwa mpishi wa meli ujanani, muziki huo aliusikia kwenye bandari za watu, akarudi nao Mombasa pamoja na imani kwamba wimbo haukatwi na mlango unaolia. Kuta zote alizizungushia magodoro makuukuu, akayafunika kwa turubai. Wewe uliye nje husikii kitu ila ngoma ikidunda mbali kama jirani anayetwanga. Wimbo ukiisha, mlango hufunguliwa dakika moja, watu wakajipenyeza, ukafungwa tena.

Aliyesimama mlangoni ni Abdulghafur, pandikizi la mtu, mzaliwa wa Mji wa Kale, tena mwanafunzi wa Mwalimu Zakariya aliyekula bakora zake zote bila kubakisha. Alipomwona Bi Swafia akatupa sigara, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Masalkheri, mamangu."

"Masalkheri, Abdulghafur. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi. Na afya yako?"

"Twashukuru."

"Na magoti?"

"Yapo, yaenda hivyo hivyo."

Ndani wimbo ukaisha. Mlango ukafunguliwa. Bi Swafia akainua mguu, na Abdulghafur akauliza, kwa mapenzi kabisa, "Na Bi Raihana hajambo? Ule mkono wake umepona?" Sasa mtu aliyelelewa akaleleka atafanyaje? Atamwacha mwenziwe na salamu mdomoni? Bi Swafia akasimama akajibu kuhusu mkono wa Raihana. Watu saba wakampita, wakaingia. Mlango ukafungwa. Mlango wa Masha hufunguliwa dakika moja, na maamkizi ya Mombasa hayajapata kumalizika kwa dakika moja tangu mji huu uwe mji.

"Nataka kuingia," akasema alipopata nafasi.

"Kuingia wapi, mamangu?"

"Humo. Nataka kumsikiza Khubaib."

Abdulghafur alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu kwa sauti kubwa. Akaeleza. Mwaka jana binti mmoja aliyevaa buibui alipigwa picha humo ndani na mlevi asiye na adabu, picha ikazunguka simu za watu, na Ijumaa yake wanaume wakaja hapa mlangoni baada ya swala, wakiwa wamefura. Nusura pafungwe. Tangu siku hiyo Masha aliapa: simu kikapuni, na buibui haliingii.

Bi Swafia akausoma ubao kutoka juu mpaka chini. "Pameandikwa wapi?"

"Hapakuandikwa, mamangu. Twaona haya kuandika."

"Basi kama hapakuandikwa, nipishe."

"Bi Swafia, wewe ni mama yetu sote. Mahali hapa si pa hadhi yako. Mimi nikikuingiza humu, kesho nitamtazama nani usoni?"

Akaletewa kiti cha plastiki. Akaletewa maji ya machungwa na kitambaa cha kufutia jasho. Aliwekwa kivulini, mgongo ukutani, upande wa pili wa magodoro, na kila aliyepita alimwamkia kwa adabu. Alikaa pale saa nzima na ushei. Alichosikia ni ngoma tu. Mara moja mlango ulipofunguka alisikia watu wakigonga meza kumsifu mtu, na huyo mtu alikuwa mwanawe, na yeye ndiye pekee katika mtaa mzima ambaye hakujua anasifiwa kwa lipi. Alirudi nyumbani akakanda unga wa maandazi kwa hasira mpaka Raihana akauliza unga umemkosea nini.

Jumapili ya pili alikuja na shauri. Buibui ndilo haliingii? Haya, atakuja bila buibui. Wewe unayesoma huenda ukaona ni jambo dogo. Bi Swafia hajapata kuvuka kizingiti chake bila buibui tangu avunje ungo. Alivaa gauni refu la maua la Raihana na mtandio, akaingia tuktuk kama mtu anayekimbia deni la dhambi, akajikunja kwenye kona mpaka Tudor. Upepo wa kawaida tu, wa kila siku, aliuona wamfanyia utovu wa adabu.

Na safari hii alijiapiza kwamba hajibu salamu. Atangoja ng'ambo ya barabara, mlango ukifunguka apite moja kwa moja, Abdulghafur aseme atakalo.

Mlango ulifunguka. Bi Swafia akavuka barabara, macho mbele. Abdulghafur hakusema masalkheri. Alimtazama, akashtuka, akaja mbio akamkinga na watu kwa ule mwili wake wote.

"Mamangu, kuna nini? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nipishe."

"Buibui liko wapi? Nani kakuvua buibui?"

Na kabla hajajibu, Abdulghafur alikuwa ameshavua koti lake la kazi, lile jeusi lenye vifungo vya shaba, akamfunika nalo begani mpaka magotini. Watu wakaingia. Mlango ukafungwa. Bi Swafia alisimama ndani ya koti la bawabu linalonuka sigara, mikono ikining'inia mifupi ndani ya mikono mirefu, na akahisi machozi ya hasira yamempanda. Hakulia. Angelia, wangeleta shekhe.

"Abdulghafur," akasema taratibu, "buibui mwasema haliingii. Nimeliacha. Sasa wataka nini kwangu?"

"Nataka usivunjiwe heshima, mamangu. Hilo tu."

"Na mimi sizitaki. Nizitupe wapi?"

Abdulghafur alidhani ni mzaha. Alicheka kidogo, kwa adabu, akaenda kumwitia tuktuk ya kumrudisha nyumbani.

Tuktuk iliyofika haikuwa aliyoiita. Dereva alishuka na chombo kikubwa cha plastiki chenye kifuniko cha kijani, chenye alama ya rangi ya kucha ubavuni. Bi Swafia alikijua chombo kile kabla hakijatua chini. Ni chake. Asubuhi hiyo alikijaza sambusa mia na ishirini, kama anavyokijaza kila Jumapili, kwa ajili ya mteja wa simu aitwaye Fadhiya wa Tudor. Miaka miwili alijua Fadhiya ana hoteli ndogo ya chakula cha mchana. Hakuuliza, wala Fadhiya hakusema.

"Hizo zaenda wapi?" akauliza.

"Jikoni kwa Masha," dereva akajibu. "Mlango wa ubavuni."

"Hazingoji wimbo uishe?"

"Sambusa? Sambusa zaingia wakati wowote, mama."

Bi Swafia alimtazama dereva akizunguka nyumba na chombo kichwani, akatokomea bila ya mtu kumuuliza jina. Sambusa zake, alizozikunja kwa vidole vyake, zilikuwa zimeshakula Jumapili mia za bluzi. Zinaingia, zinamsikia Khubaib, zinaliwa. Yeye aliyezipika na aliyemzaa mpigaji anavikwa koti barabarani. Kwa kweli mimi ningekuwa yeye ningelivua koti lile nikalikanyaga. Yeye alilikunja vizuri, akalirudisha kwa mwenyewe, akashukuru.

Jumapili ya tatu ndiyo ya mwisho, siku tatu kabla ya ndege. Bi Swafia alivaa buibui lake kama kawaida, akajaza chombo, na dereva wa tuktuk alipofika akamwambia, "Leo nazipeleka mwenyewe." Walipita nyuma ya maghorofa. Abdulghafur alikuwa mbele, akiwakagua watu viatu. Bi Swafia akabisha mlango wa jikoni, hodi ya kwanza tu, akafunguliwa.

Fadhiya alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, mikono imejaa unga. Hawakuwa wamewahi kuonana. "Bi Swafia wa sambusa? Wewe ndiye? Ingia, ingia, usisimame mlangoni." Hakuna aliyemwambia Fadhiya kwamba jikoni nako pana masharti, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtu atataka kuingia baa kwa kupitia kwenye karai.

Baina ya jikoni na ukumbi palikuwa na dirisha la kupitishia sahani, na dirishani pana pazia. Bi Swafia aliweka chombo chini, akasogea penye pazia, akasimama. Upande wa pili gita lilikuwa limeanza.

Lo. Sijui nikueleze vipi. Alitarajia kitu kizuri, kama vile mama atarajiavyo, ili apate kusema mashaallah. Hakikuwa kizuri kwa namna hiyo. Uzi mmoja ulivutwa ukalalamika, ukaachwa, ukavutwa tena, na katikati pakawa na kimya cha mtu anayesita kusema neno. Halafu sauti. Khubaib nyumbani huzungumza chini chini, naam Mama, la Mama, ahsante Mama. Huyu aliimba kwa sauti nzito yenye kukwaruza, kwa Kimvita kitupu, wala hakumwomba mtu radhi. "Nina kwetu," akaimba, "na kwetu sina sauti." Akalirudia hilo neno, na gita likamjibu, na humo ukumbini hapakusikika hata kijiko.

Bi Swafia alishika ukingo wa dirisha. Alimlea mtoto huyu. Alijua homa zake zote na meno yake yote. Sasa alikuwa anamsikia mtu mwingine, mtu mzima aliyekaa nyumbani mwake miaka ishirini na tisa akiwa na huzuni kubwa namna hii, akila wali mbele yake, na yeye hakuijua. Aliona uchungu, na aliona wivu kwa wale watu wa ndani wanaomjua kila Jumapili, na pamoja na hayo alitaka asinyamaze. Alitaka aendelee mpaka amalize kila alichonacho.

"Bi Swafia," Fadhiya akamnong'oneza, "mbona wasimama?"

"Hapa pananitosha, mwanangu."

"Haiwezekani. Mtu kama wewe kukaa jikoni kwangu baina ya masufuria? Mimi nina adabu."

"Fadhiya, niache, tafadhali. Wimbo bado."

"Hata. Nitakupa kiti cha mbele."

Na Fadhiya, kwa moyo wake safi, akamshika mkono, akasukuma mlango wa jikoni kwa nyonga, akamwingiza ukumbini Bi Swafia na buibui lake, katikati ya wimbo.

Palikuwa na giza la mapazia na baridi ya mashine, na taa moja nyekundu juu ya wapigaji. Kwenye meza walikaa mawakala wa bandarini waliolegeza tai, watembezaji wa wageni wa Ngome ya Yesu, wazee wawili watatu. Wa kwanza kumwona alikuwa mmoja wa hao watembezaji wa wageni. Huyo naye alisoma kwa Mwalimu. Akainuka. Akaiteremsha chupa yake chini ya meza. Wa pili akaona, akainuka, chupa chini ya meza. Ukumbi mzima ukainuka meza kwa meza, chupa zikigonga sakafu, sigara zikizimwa kwenye visahani, mtu mmoja akivua kofia ya kizungu na kuikalia. Masha mwenyewe alitoka nyuma ya kaunta akifuta mikono, akazima ile taa nyekundu, akawasha nyeupe.

Gita likakatika. Khubaib alikuwa amemwona.

"Keti, Bi Swafia," mtu akasema. "Mpisheni mama." Akaletewa kiti chenye mto. Akaletewa soda. Palikuwa kimya kama kwenye matanga, wanaume wamesimama, mikono mbele, macho chini. Abdulghafur aliingia mbio kutoka mlangoni, akaona, akasimama ukutani na yeye, akainamisha kichwa.

"Kaeni," Bi Swafia akasema. "Nawaombeni kaeni. Sikuja kuheshimiwa. Nimekuja kusikiza."

Hakuna aliyekaa. Khubaib aliweka gita kwenye kiti, akateremka, akaubusu mkono wake.

"Mama, umekujaje? Twende nikurudishe nyumbani."

"Sirudi. Piga."

"Mama, siwezi mbele yako."

"Jumatano waenda zako, Khubaib. Nimekuja mara tatu. Nimewekwa kivulini, nimevikwa koti. Panda juu ukapige."

Khubaib alimtazama Masha. Masha akaitikia kwa kichwa. Khubaib akarudi juu, akalichukua gita, akavuta pumzi, akafikiri. Bi Swafia alikaa mbele kabisa kwenye mto wake, mikono mapajani, akingoja ule uzi uvutwe tena.

Khubaib akapiga wimbo wa harusi. Ule mkongwe, wa redioni, ambao kila mtu pwani hii ameusikia bwana harusi akiingizwa ndani. Alipiga safi, taratibu, vidole vikitembea kwa adabu, hakukosea hata mahali pamoja. Aliimba kwa ile sauti ya nyumbani, ya naam Mama. Wazee wakatingisha vichwa. Bi Swafia alimtazama usoni kutoka mwanzo mpaka mwisho, akimtafuta yule mwingine, na yule mwingine hakuwapo tena pale juu. Aliyemfukuza ni Bi Swafia mwenyewe, kwa kuingia.

Wimbo ukaisha. Watu wakasema mashaallah kwa sauti za chini. Hakuna aliyegonga meza. Khubaib akaja, akapiga magoti mbele ya kiti, jasho likimtiririka, uso umemng'aa kama wa mtoto aliyemaliza juzuu. Akamshika mikono yote miwili.

"Umefurahi, Mama?"

Alikuwa na maneno tayari, ulimini. Rudi juu, mwanangu. Nipigie ule uliokuwa ukipiga, wa kwetu sina sauti, nipigie kama unavyowapigia hawa. Yalikuwa maneno machache, wala hayakuwa magumu. Lakini Khubaib alikuwa bado amepiga magoti akimtazama, na watu wote walikuwa wamesimama, wakingoja mama wa watu aseme.

"Nimefurahi, baba," Bi Swafia akasema. "Umepiga kwa heshima."

Khubaib akashusha pumzi, akamwinua taratibu, akamtoa nje.